Tulia na Ini Namba Saba

Marehemu, ambaye nusu ya waliokusanyika hapa wanamjua kwa jina la Tulia tu, alizaliwa tarehe 14 Juni 1971, mtoto wa tatu kati ya watano wa mwashi na mkunga. Mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba huyo ndiye pekee aliyezaliwa bila makelele: alitoka, akatazama chumba pande zote kama mkaguzi aliyeletwa ghafla, ndipo akakubali kulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984. Akiwa darasa la sita alipima dawati moja kwa rula mbili, akapata majibu mawili, akayaandika yote. Mwalimu akamwambia, "Andika jibu moja, wewe mtoto." Akauliza, "La rula ipi, mwalimu?" Alichapwa viboko vinne, na alivihesabu. Alimaliza sekondari mwaka 1990 na chuo cha upigaji picha za hospitali mwaka 1994, akiwa wa pili darasani. Wa kwanza aliacha kazi akaenda kuuza matairi.

Aliajiriwa Februari 1995 katika chumba cha eksirei cha hospitali kuu, akakaa hapo miaka kumi na mitatu. Mwaka 2008 alihamishiwa kwenye mashine ya MRI, lile pipa la sumaku ambamo mgonjwa huingizwa amelala chali, nalo humgongea kichwani kama mafundi wa mabati. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kioo na kusema kwenye kipaza sauti: "Vuta pumzi. Toa. Shika. Tulia." Ndiko lilikotoka jina. Watu waliomsikia mara moja tu wakiwa ndani ya pipa walimtambua sokoni kwa sauti, na wengine walisimama wima bila kujua kwa nini.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998 na mshonaji aliyekuwa ameletwa eksirei baada ya kuteguka kifundo cha mkono. Picha ya kwanza alisema imetoka na ukungu. Ya pili pia. Alipotaja ya tatu, mama mkwe mtarajiwa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje, alipiga kelele: "Baba, mkono wa mwanangu hauna neno. Mwenye neno ni wewe, sema!" Alisema. Walijaliwa binti wawili.

Mwaka 2018 hospitali ilipata mashine ya pili, na zote mbili zikawekewa kipimo kipya cha ugumu wa ini. Kisahani hufungwa mbavuni, kinatikisa, na mashine inasoma jinsi mtikisiko unavyopita. Ini zima ni laini, lenye makovu ni gumu, na kadiri linavyokuwa gumu ndivyo namba inavyopanda. Kabla ya hapo, mgonjwa alichomwa sindano nene ubavuni akanyofolewa kipande. Kila mtu alifurahi. Marehemu aliuliza swali la kitoto, ambalo kwa sababu hiyo hakuna mkubwa aliyekuwa ameliuliza: mtu yuleyule akipimwa mara mbili, na mashine mbili, namba itakuwa ileile?

Kamati ya hospitali ilimruhusu kulijibu. Alitafuta watu kumi na wawili wazima miongoni mwa wafanyakazi, wapimwe mara tatu, kila baada ya miezi sita. Majina yalifichwa. Karani wa kumbukumbu alimpa kila mmoja namba ambayo hata mwenyewe hakuambiwa, akaandika orodha kwa mkono wake na kuifunga ndani ya bahasha, ili wasomaji wa picha wasipendelee wala kuogopa. Siku ya kwanza, dereva wa gari la wagonjwa aliliona pipa akageuza, akisema hilo ni jeneza lenye umeme. Watu wakabaki kumi na mmoja. Marehemu akavua saa na mkanda, akaingia yeye badala ya dereva. Fomu iliuliza kama mshiriki ana ugonjwa wowote wa ini anaoujua. Alijibu hapana, akasaini. Ilikuwa kweli tupu.

Maini ya watu kumi na mmoja yalitoa namba zilezile, zikipishana kwa unywele. Ya namba saba ilipanda. Februari 2020, katika kipimo cha tatu, ilikuwa imepanda tena, na kwenye mashine zote mbili.

"Huyu ana ini la mlevi," alisema daktari msomaji wa picha.

"Hapa hamna mlevi, daktari. Niliwachagua mwenyewe."

"Basi mashine ina wazimu."

"Zote mbili, wazimu mmoja?"

Fundi wa mashine aliitwa. Aliingiza ini la jeli, linalotengenezwa kwa ajili ya majaribio, akalipima mara tisa, na mara tisa mashine ikasema kweli. Marehemu alisema jeli haipumui. Waliketi mchana mzima, na mwisho marehemu mwenyewe akaandika uamuzi: namba saba hajui kutulia, vipimo vyake vitolewe. Bahasha haikufunguliwa, kwa kuwa kanuni alizitunga yeye na alikuwa mtu wa kanuni. Chini ya ripoti aliongeza pendekezo: mgonjwa yeyote ambaye namba yake itapanda bila sababu inayojulikana, ihesabiwe ni kosa la kupumua, arudi nyumbani, apimwe tena baada ya miezi sita. Ripoti ilisifiwa. Pendekezo lilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2020.

Tarehe 8 Juni 2021 karani wa kumbukumbu alikuwa anasafisha kabati, akaikuta ile bahasha, akaifungua. Alimkuta marehemu kwenye mlango wa chumba cha mashine.

"Kaka, keti kwanza."

"Nikiketi nani atawapiga picha hawa?"

"Watangoja. Kaka, namba saba ni wewe."

Akauliza, "Umehakiki?"

"Mwandiko ni wangu."

"Hakiki tena, dada."

Jioni hiyo alipimwa mara mbili, na mashine mbili. Namba zililingana. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mashine ni nzima. Mkewe, aliyekuwa na pini mdomoni, alizitoa moja moja kabla ya kuuliza, "Na wewe?"

Yeye hakuwa mzima. Ilikuwa homa ya ini aina ya B, ambayo yaelekea aliishi nayo tangu utotoni bila kuisikia, na sasa ini lilikuwa limejaa makovu na uvimbe. Daktari alimwambia kwamba mwaka mmoja nyuma kungekuwa na la kufanya. Marehemu alimshukuru kwa usahihi wake.

Kesho yake aliiandikia kamati kufuta pendekezo, akaomba daftari la wagonjwa. Watu ishirini na watatu walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kanuni yake. Alianza kuwapigia simu. Macho yalipogeuka njano aliendelea kupiga. Tumbo lilipojaa maji, mkewe alimshikia simu sikioni. Wengi walimjua kwa sauti kabla hajajitaja. "Ulisema sina neno," mmoja alimwambia. "Nilikosea," alijibu, "njoo kesho asubuhi." Waliitika kumi na wanane. Simu ya mmoja ilipokelewa na mjane wake.

Alifariki tarehe 3 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Ameacha mjane, binti wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili na dada wawili, ambao wote wameshapimwa. Ameacha pia watu wanne ambao simu zao hazikupokelewa. Kwa agizo lake hili linasomwa hapa: kama ulipimwa ini katika hospitali kuu kati ya Oktoba 2020 na Juni 2021, ukaambiwa urudi baada ya miezi sita, karani wa kumbukumbu amesimama langoni, amevaa kitambaa cheupe, ana daftari. Usipite bila kumwona. Usingoje mazishi yaishe.

Mola ampe mapumziko mema.