Sista Viti na Swali Asilolijibu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Sista Viti atavua beji yake na kukabidhi funguo za chumba namba nne, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi katika kliniki yetu ya watoto. Uongozi umeniomba mimi, karani wa mapokezi, niandike wasifu wake kwa sababu, wamesema, nina maneno mengi. Sikatai. Wameniomba pia nisitie chumvi, na hilo nitajitahidi.

Alianzia chumba cha sindano, ambako watoto walikuwa wakianza kulia tangu getini. Akahamishiwa chanjo. Kisha kliniki ilipoanza kupokea watoto wenye matatizo ya tabia, wale wasiotulia, wanaouma wenzao, wanaopanda makabati, akapewa chumba namba nne kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Siku ya kwanza alitoa nje meza kubwa na viti vyote vya watu wazima, akaingiza viti vya plastiki vya chekechea, vyekundu na vya bluu. Tangu hapo anayeingia chumba kile hukaa kiti cha mtoto, awe mzazi, awe daktari. Mkaguzi mmoja mwenye kitambi alikaa, na alipoinuka, kiti kikainuka naye. Sista alikishika kwa nyuma akakivuta taratibu, huku akiendelea kumweleza habari za chanjo kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikwenda kuchekea stoo.

Jina la Sista Viti likatoka hapo. Ila anajulikana zaidi kwa jambo jingine, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinikera. Mzazi akishaambiwa na daktari kwamba mtoto anaweza kuanzishiwa dawa ya kumsaidia kutulia, humgeukia Sista na kumwuliza: angekuwa wako, ungefanyaje? Sista hajibu. Ataeleza dawa inafanya nini, inaweza kuleta madhara gani, na nini kingine cha kujaribu. Atarudia hata mara nne bila kuchoka. Lakini swali lile halijibu. Anavuta kiti, anakaa karibu na mzazi, ananyamaza. Mimi ningejibu. Mimi mtu akiniuliza choo kiko wapi, nampa na ushauri wa ndoa.

Nitasimulia kisa kimoja tu, kwa ruhusa ya wenyewe. Dereva wetu wa gari la wagonjwa ana binti ambaye yeye mwenyewe alimbandika jina la Gia Tano, kwa madai kwamba alikuja duniani kwa kasi na breki hakuwekewa. Binti alipofika miaka saba jina lilikuwa halichekeshi tena. Alikuwa ameshamuuma jirani yake darasani na kuvunja kioo cha ofisi ya walimu. Akikemewa alilia mpaka akatapika, kisha akazunguka kumwomba kila mtu msamaha, hadi mlinzi. Shule ikasema haitaweza muhula mwingine wa namna hiyo. Daktari wetu alimchunguza kwa wiki kadhaa, akaongea na walimu wake, akaandika dawa. Akawaambia wazazi wasimwanzishie mpaka wawe wamekubaliana.

Kukubaliana ndiko kulikoshindikana. Mke wa dereva, fundi cherehani, alitaka waanze siku ileile. Alikuwa amechoka kuitwa shuleni huku wateja wanamsubiri, amechoka kumkaba mtoto mkono barabarani kama aliyekamata mwizi. Dereva alisema hataki binti yake afanywe gogo. Yeye mwenyewe utotoni alikuwa hivyohivyo, na mbona amekuwa mtu. Mkewe akamjibu kwamba hilo ndilo linalomtisha. Basi wakanuniana, na chupa ya dawa ikakaa juu ya kabati la vyombo bila kufunguliwa. Kila mmoja kwa wakati wake alikuja namba nne kumwuliza Sista swali lile, na kila mmoja aliondoka na hasira zake. Fundi alisimama mbele ya dirisha langu akasema yule mama ana roho ngumu. Sikumtetea.

Kisha siku moja Gia Tano akapanda dirisha la darasa ghorofani, akakaa ukingoni miguu ikiwa nje, kwa sababu alitaka kuona ndege wanalala wapi. Mwalimu alimkamata kiunoni akamrudisha ndani. Wazazi wote wawili waliitwa wakaonyeshwa dirisha lenyewe. Walirudi nyumbani bila kusemeshana.

Kesho yake asubuhi fundi alishusha chupa, akampa mtoto kidonge na maziwa. Akamwambia ni cha kumpa nguvu, na asimwambie baba, iwe siri yao. Akairudisha chupa kabatini, akaenda zake kazini. Dereva, ambaye ndiye humpeleka mtoto shule, alibaki akiitazama chupa ile. Dirisha lilikuwa bado liko machoni pake, lakini aliona aibu kumwambia mkewe kwamba ameshindwa hoja. Naye akampa mtoto kidonge. Akamwambia ni vitamini, asimwambie mama, iwe siri yao. Mtoto asiyeweza kutulia kwenye kiti alitunza siri mbili bila kutikisika.

Simu ya shule niliipokea mimi. Mtoto anatetemeka, moyo unamwenda mbio, analia na hataki kusema amekula nini. Ilikuwa lazima nitume gari, na dereva wa zamu alikuwa yeye. Nilimwambia ni binti yake. Nilisikia king'ora kikiwaka hata kabla gari halijatoka getini, jambo ambalo yeye huwakataza wenzake.

Walimfikisha namba nne, daktari akampima moyo na presha. Aliulizwa amemeza nini, akafumba mdomo, maana alikuwa ameahidi. Sista alikaa kwenye kiti kidogo amemshika mkono, na huo mkono ulikuwa ukiruka ndani ya wake. Fundi, niliyekuwa nimempigia simu, akaingia anahema, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Ndipo Sista akauliza ni nani aliyempa mtoto dawa. Baba na mama walijibu kwa pamoja: mimi.

Nilikuwa mlangoni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilingoja Sista awapashe, kwa maana mimi ningewapasha mpaka wakome. Alivuta viti viwili, akawakalisha kila mmoja upande wake wa kitanda, magoti yakiwafika kidevuni. Daktari akasema atakuwa salama, ila wakae naye mpaka moyo utulie. Wakakaa. Ilikuwa alasiri mikono ya mtoto ilipoacha kutetemeka, na hapo dereva akalia, akamwuliza Sista tena: angekuwa wako, ungefanyaje?

Safari hii Sista alisema kitu. Alisema katika miaka yake ya mwanzo alimjibu mama mmoja swali hilo, akamjibu kwa uhakika wote wa ujana, na yule mama akafuata. Mambo hayakwenda vizuri. Mwaka uliofuata mama yule alirudi, hakugomba, alisema tu kwamba yeye alimfuata Sista. Tangu siku hiyo, akasema, anaweza kukaa na mzazi mpaka jua lizame, lakini yeye si mtu atakayeamka na mtoto huyu kila asubuhi. Akawaambia waulizane wao wawili kwanza. Na mtoto aambiwe ukweli wa anachomeza, kwa sababu siku hiyo, katika nyumba yao nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijua kila kitu.

Walianza tena baada ya wiki kadhaa, kwa dozi ndogo zaidi. Mmoja anatoa kidonge, mwingine yupo palepale, na mtoto anajua ni dawa ya nini. Haikuwa miujiza. Mwanzoni hamu ya kula ilipotea, dereva akataka kuitupa chupa, daktari akabadilisha dozi. Mwalimu naye akamkabidhi kazi ya kugawa madaftari, asiwe anakaa muda mrefu. Leo yuko sekondari na anasema mwenyewe siku ipi imemwendea vibaya. Juzi niliwauliza wazazi kama waliamua sawasawa. Walitazamana, wakacheka, hawakunijibu.

Sista anatuachia wauguzi vijana aliowafunza na chumba ambacho hakuna anayethubutu kukibadilisha. Yeye anaondoka na goti bovu, zawadi ya viti vile vifupi. Daktari wa mifupa anataka alipasue. Anaogopa kupasuliwa, na anaogopa zaidi kubaki na fimbo. Wiki iliyopita, wagonjwa walipokwisha, aliniita namba nne akaniuliza: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Jibu nilikuwa nalo, lilishafika kwenye meno. Nilivuta kiti chekundu, nikakaa karibu naye, nikanyamaza.

Asante, Sista, kwa wote uliokaa nao. Nenda salama, na siku zako za mapumziko ziwe njema na ndefu. Ukienda kwa daktari wa mifupa, nipitie hapa dirishani twende wote. Kiti nitakibeba mimi.