Shangazi Hakati Mtu

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa alasiri, Shangazi atazima kompyuta yake na kustaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha televisheni kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameitaja mwenyewe, na ametuonya tusiipunguze. Hapa kazini hana mpwa hata mmoja wa damu, lakini hata Mkurugenzi, ambaye wamepishana mwaka mmoja tu, humpa shikamoo.

Kazi yake ilikuwa kuzitembeza picha za mnato. Familia inaleta picha moja ya zamani, ndogo kama kiganja, na kipindi kinataka video ya sekunde ishirini inayojaza kioo chote. Shangazi huwatenga watu na ukuta ulio nyuma yao, huchora upya sehemu ya ukuta waliyoiziba, kisha hupanga vyote tabaka kwa tabaka. Halafu huweka vituo viwili, pa kuanzia na pa kuishia, na kamera ya ndani ya kompyuta husafiri kati ya vituo hivyo taratibu, mpaka mtazamaji anahisi amepita mlangoni na kuingia pichani. Ukimsikia anavyoeleza, utadhani ni kazi ya kupiga pasi.

Alianza kabla hatujawa na kompyuta. Picha ilibandikwa mezani chini ya kamera kubwa, na meza ikasogezwa kwa mkono. Fundi taa wa enzi hizo anasema Shangazi alibana pumzi sekunde zote ishirini ili mkono usitetemeke, na studio nzima ikabana naye. Kompyuta zilipoingia, wengi walidhani atatafuta visingizio. Alijifungia na kitabu cha maelekezo wiki tatu, akatoka akiwa mwalimu wetu sote. Juu ya kioo chake alibandika karatasi isemayo mwenda pole hajikwai, na mhariri yeyote aliyekuja na pupa alionyeshwa karatasi hiyo kwa kidole.

Mashine ya kwanza ilikuwa goigoi. Kuipika video, ndivyo tunavyosema kompyuta inapokusanya tabaka zote kuwa video kamili, kulichukua dakika arobaini. Shangazi hajui kukaa bure. Alileta kopo la vifungo na sindano, akawa anatushonea mashati wakati mashine ikipika. Nusu ya kituo hiki inatembea na vifungo vyake. Dereva wetu mkuu anashukiwa kuvinyofoa vyake makusudi, na hajawahi kukanusha.

Kisha akaja mhariri mmoja na programu mpya, akitaka watu wa kwenye picha wapepese macho na kucheka. Shangazi aliuliza kama wenye macho wametoa ruhusa. Mhariri akashikilia lake. Basi siku ya kuzaliwa ya mhariri huyo, Shangazi alichukua picha ya kitambulisho chake, na kwenye mkutano wa asubuhi wafanyakazi wote wakakonyezwa na mhariri wao, kwenye kioo kikubwa, mara tatu. Kesho yake mhariri mwenyewe alisaini agizo kwamba macho na midomo ya watu haviguswi. Lingali limebandikwa ukutani, pembeni ya kizima moto.

Lakini sheria yake kubwa ilitokana na kosa lake mwenyewe, na hajawahi kulificha. Ilikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Familia fulani ilileta picha ya harusi iliyosimama wima, wakati kioo cha televisheni kimelala. Muda ulikuwa umebana, akaikuza picha mpaka ikajaza kioo, na vya juu na vya chini vikabaki nje. Chini pembeni, kwenye kigoda, alikuwa ameketi bibi yake bwana harusi. Kilichoonekana ni ncha ya kilemba chake.

Bibi huyo alikuwa amevaa gauni jipya na kukusanya majirani sebuleni waje wamwone. Alipiga simu kituoni akasema, kwa adabu zote, kwamba kilemba chake kinatusalimu, na kwamba mwenyewe pia yupo. Shangazi alilia. Asubuhi yake aliichukua picha kwenye bahasha, akapanda ngazi za nyumba ile, akaomba radhi mlangoni. Kisha akarudi kazini, akaurefusha ule ukuta wa kwenye picha kushoto na kulia, tofali kwa tofali, siku nne, mpaka harusi nzima ikaenea kiooni. Na kamera hakuianzisha kwa bibi harusi. Aliianzisha pembeni, kwenye kigoda. Tangu siku hiyo mafunzo yake yote yamekuwa na maneno mawili, hakatwi mtu, na kila picha aliyoitembeza imeanzia kwa yule ambaye hakuna aliyemtazama.

Sasa acha tuseme ya kwetu. Kamati ilipotafuta picha ya Shangazi kwa ajili ya sherehe hii ya kumuaga, tulipekua miaka thelathini na mmoja. Tukapata kiwiko chake kwenye picha ya uzinduzi, na sikio moja kwenye ile ya michezo. Siku zote alikuwa akishughulikia nyuso za wengine, na sisi wanafunzi wake tulimkata mwaka baada ya mwaka. Tuliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa halali yetu.

Ndipo mwandishi wa maneno haya alipozipanda ngazi zilezile. Bibi wa kilemba yupo hai, ana miaka tisini na miwili na ulimi ni uleule. Asubuhi ile ya kuombwa radhi, mkwewe aliwapiga picha mlangoni, na bibi ameitunza kwenye fremu muda wote huu. Imesimama wima. Safari hii bibi yuko juu ya kiti, na chini pembeni, palepale pa kukatwa, amechuchumaa Shangazi, bahasha mkononi, macho mekundu, anacheka. Bibi ametuazima kwa sharti moja, kwamba tusithubutu kurudia ya kilemba, na atakuja kukagua mwenyewe kutoka kiti cha mbele.

Shangazi, kama unasoma hapa kabla taa za ukumbi hazijapunguzwa, funga hiki kijitabu sasa hivi. Kama umeshindwa, haya basi: tumeurefusha ukuta wa ile nyumba pichani, kushoto na kulia, siku tano, kwa sababu hatuna mkono wako. Macho na midomo hatukugusa. Asante kwa subira, kwa vifungo, na kwa kutufundisha kutazama pembeni. Nenda ukapumzike vizuri, ule kwa wakati, ulale upendavyo, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha tu. Sasa tazama kioo. Kamera inaanzia chini pembeni, kwako, na uko mzima.