Bunduki Aliyoichagua Urbanus Wambua

Wasikilizaji wapendwa, leo tuko na familia moja ya Masinga iliyofiwa. Urbanus Wambua ametutoka. Askari wa wanyamapori, Urbanus Wambua, ametutoka wiki hii baada ya kuugua.

Turudi nyuma, mwaka 1998. Mvua ya El Niño ilikuwa imejaza bwawa la Masinga pomoni. Kiboko mmoja alizoea kutoka majini na kula mahindi ya watu, mpaka mtu akamchoma mkuki. Hakufa. Na kiboko mwenye jeraha, jamani, usimtakie hata adui yako! Alijificha kwenye matete, akawa anamkimbiza kila aendaye kuchota maji. Urbanus akaamriwa kummaliza.

Ghalani kwa askari mlikuwa na bunduki mbili za wanyama wakubwa. Moja mpya, nyepesi, yenye darubini juu. Nyingine kuukuu, nzito, risasi zake nene kama kidole gumba. Wenzake walimsukumia ile mpya. Urbanus alijua akikosea kuchagua, hatarudi nyumbani.

Akafumba macho, akainua ile mpya begani, akafumbua. Ndani ya darubini, vitu vya karibu vilikuwa ukungu mtupu, na kwenye matete kiboko angetokea karibu. Akarudia na ile kuukuu. Alipofumbua macho, shabaha ilikuwa imekaa sawa mbele yake. Lakini bunduki hiyo ilikuwa inakwamisha risasi. Basi akakaa nayo, akaisafisha, akaitia mafuta, akaijaribu kwenye kisiki, akaisafisha tena.

Jirani yake, Justus, uvumilivu ukamwisha.

"Wambua! Watu wanakunywa maji ya mtaro na wewe unachagua bunduki kama mtu anachagua bibi! Sema tu uko na woga!"

Maneno hayo yalimchoma Urbanus. Usiku hakupata usingizi, na mkewe, Mutindi, naye hakupata.

"Baba Nduku," Mutindi akamwambia, "kwa mwoga huenda kicheko. Wacha wacheke. Hiyo chuma ikikwama mara moja tu, usiende."

Alienda siku ambayo haikukwama hata mara moja. Matete yalitikisika, kiboko akatoka mdomo wazi, karibu mno. Risasi ya kwanza ilimpata, wala hakusimama. Urbanus akavuta komeo la bunduki, risasi ya pili ikaingia bila kukwama. Kiboko akaanguka, tope likamrukia Urbanus usoni. Aliketi palepale, akalia.

Poleni sana, Mama Nduku. Pole, Nduku, na jamaa wote wa Masinga. Mola awafariji. Nasi wasikilizaji wapendwa, kabla hatujamcheka mtu anayesitasita, tujiulize anaona nini ambacho sisi hatukioni.

Nilimuuliza Mutindi kama maneno ya Justus bado yanamuuma. Akatikisa kichwa.

"Justus hakudanganya. Mzee wangu aliogopa, aliogopa sana. Ndio maana nimezeeka niko na yeye."