Fabiola Anapumzika, Bosi Wake Je?

Benchi lile la saruji liko mbele ya duka la Edilma la kushona sare za shule, pale Itagüí, Kolombia, na wanaolikalia ni walewale. Yuko Seneta, kinyozi mwenye maneno ya bungeni ambaye hajawahi kugombea hata uenyekiti wa ghorofa anayoishi. Yuko Skrubu, fundi wa blenda, ambaye kila akimrudishia mtu blenda yake, skrubu mbili hubaki mfukoni mwake. Na yuko Redio, mama muuza kahawa, mwenye themosi nne na habari za ndoa zote za mtaa. Asubuhi hiyo Edilma alirudi kutoka ofisi ya pensheni mjini amefura kama buñuelo, andazi la jibini, ndani ya mafuta, akaketi bila salamu.

— Nipe kahawa, Redio. Na usiniulize.

— Wamekufanya nini? Redio akauliza, maana kuambiwa asiulize ni kumpa njaa.

— Eti nimechelewa! Miaka arobaini na tisa, nimechelewa! Kasichana kana kucha ndefu kama vijiko, kananitazama usoni, kananiambia, "Doña Edilma, ukianza kuchangia pensheni leo, wiki za michango zinazotakiwa zitatimia ukiwa umevuka sabini." Sabini, jamani! Nitakuwa bado natunga uzi kwenye sindano?

— Hutauona huo uzi, Skrubu akasema.

— Skrubu, nitakumwagia kahawa hii.

Kilichomchoma hasa hakikuwa kule mjini. Kilikuwa mle ndani ya duka, kwenye mashine ya dirishani. Fabiola, fundi wake tangu duka lina mashine mbili tu, Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Anakwenda kula pensheni. Na fungu kubwa la pensheni hiyo, mwezi baada ya mwezi, limetoka mkononi mwa Edilma, maana ndivyo sheria inavyomtaka bosi. Bosi naye anatakiwa ajilipie. Lakini mwezi ukiwa mbaya mtu hujisamehe mwenyewe kwanza, na Edilma alikuwa amejisamehe miaka nenda miaka rudi.

— Lakini wewe si uliwahi kuanza? Seneta akauliza.

— Nilianza. Desemba ilipofika nikaenda kuchukua changu.

— Kuchukua?

— Kuchukua! Natillera ya Redio hatuvunji Desemba? Tunachanga mwaka mzima, Desemba tunagawana, tunanunua nguruwe, kila mtu kwao. Nikaenda na mfuko wangu mkubwa na orodha ya zawadi za watoto. Wakanicheka! Eti nisubiri nizeeke. Nikawaita wezi mbele ya mlinzi wao, sikurudi tena.

Wala benchi halikucheka.

— Hata mimi ningewaita wezi, Skrubu akasema. Akiba gani hiyo inaruka Desemba kama haijaiona?

— Ndiyo maana nakwambia, mwenzangu, Redio akadakia, chukua hisa mbili kwangu mwakani. Mimi nakupa hela yako na muziki juu.

— Mwaka jana ulinipa hela, nikafika Januari nina mguu wa nguruwe na madeni.

Seneta akakohoa kibunge.

— Mheshimiwa Edilma, pensheni ni tofali. Mwaga zege juu ya nyumba yako, jenga ghorofa, pangisha.

— Juu kwangu anakaa kaka yangu tangu mkewe amfukuze. Hajanunua hata balbu.

— Basi watoto.

— Yeison yuko Chile. Akinipigia simu, namsikia anavyovuta pumzi ya kuomba kabla hajaniita mama.

— Olewa, Skrubu akasema. Don Gildardo, yule mwalimu mstaafu. Miaka themanini na moja, pensheni safi, na siku hizi anakohoa vizuri sana. Unamuuguza kidogo, unamlilia kidogo, unabaki na pensheni.

— Dada zake wawili wameshajipanga mlangoni, Redio akasema. Hakohoi bila ruhusa yao.

— Kama ni hivyo, Seneta akasema, sasa amesimama kabisa, haki iko wazi! Hiyo pensheni ya Fabiola imelipwa na nani? Na Edilma! Basi Fabiola agawe. Nusu kwa nusu, kila mwezi, mpaka kaburini!

Edilma alijua ni upuuzi. Lakini upuuzi ule ulimwingia mahali palipokuwa panauma, akajikuta anapiga goti lake.

— Kweli kabisa! Jasho langu lile! Yeye atakaa na miguu juu ya kiti, mimi niendelee kutoboka vidole!

Mashine ya dirishani ikanyamaza.

Fabiola akatoka, futi ya kupimia shingoni, pini tatu zimechomekwa kifuani. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga benchi lile. Alikuwa na kola za kushona. Redio akamsogezea kikombe haraka, kama mtu anayefunika sufuria.

— Nimesikia, Fabiola akasema. Bosi, na mimi nilikuwa nakatwa sehemu yangu. Hata mwezi niliomzika mume wangu, nilikatwa. Sigawani na mtu.

— Tulikuwa tunatania tu, mama, Seneta akasema, akiketi taratibu.

— Sawa. Mimi nina swali moja. Kuanzia mwezi ujao hunilipii tena, bosi. Lile fungu langu linakwenda wapi?

Redio akakaza kifuniko cha themosi. Seneta akatazama juu, kule zege lilikotakiwa kumwagwa. Skrubu akapapasa mfukoni. Kila mmoja alikuwa ameshaitumia ile hela kwa niaba ya Edilma, na hakuna aliyethubutu kutaja alipoiweka. Edilma mwenyewe alitafuta jibu, akamkuta kaka yake ameketi juu yake, Yeison kwenye simu, nguruwe mlangoni.

— Fabiola, akasema mwishowe, sauti imeshuka. Ulikuwa unakatwa tarehe ngapi?

— Tarehe tano. Kabla sijaiona.

Edilma akasimama, akachukua mkoba.

— Basi na mimi benki inikate ya pensheni tarehe tano. Kabla hawa hawajaiona.