Mirija Iliyotumwa kwa Ajili ya Mwalimu Virginie Kasonde

Baba Padri, wakubwa wa kazi, ndugu mliotoka Sakania na Kilwa yetu ya ziwani, majirani wa kambi, ninyi nyote mliolala kwenye mikeka hii tangu Jumamosi, mimi ni Musonda, mjomba wa marehemu, kaka wa mama yake, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujamfunika. Ukurasa mmoja nimeombwa niuruke. Sitauruka.

Virginie Kasonde alizaliwa Sakania tarehe 14 Februari 1958, mtoto wa kwanza wa Stanislas Mwaba, mfungaji wa mabehewa katika reli, na wa dada yangu Chileshe, aliyeuza samaki wakavu pale mpakani, wote wawili wametangulia, akafuatwa na wadogo zake Pierre na Hortense, walio hapa mbele yenu. Shule ya msingi aliianza kwa masista wa Sakania Septemba 1964, mwaka 1970 akaletwa Lubumbashi akakaa kwangu, na tarehe 2 Julai 1976 akapata diploma ya ualimu. Majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali mwaka 1972 aliitwa Kasonde darasani na Virginie nyumbani, akaitika yote mawili bila kununa.

Septemba 1976 alianza kufundisha darasa la kwanza katika shule ya kambi hii ya kampuni ya shaba, na kwenye droo yake, pamoja na chaki, aliweka sindano na uzi, kwani hakuna mtoto aliyesoma kwake huku kaptula imepasuka. Jioni alifundisha watu wazima, na mimi, niliyechimba shaba hadi uzee nikitia kidole gumba mahali pa saini, nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakikaribia kidevu, naye, aliponiona naogopa kugusa kitabu, akaniambia mbele ya wote: "Mujomba, maherufi haiumake bantu, iguse tu." Haya ninayoyasoma leo, nayasoma kwa sababu yake.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Faustin Numbi, fundi wa mitambo, mwenyeji wa kaskazini, mume aliyempikia uji kwa mikono yake mwenyewe hadi mwisho, wakabarikiwa watoto wawili, Bijou aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1981, na Wivine aliyezaliwa tarehe 7 Mei 1984.

Machi 1987 fizi zake zilianza kutoka damu, akachoka kabla ya kumaliza ubao mmoja, na hospitalini daktari akatambua kansa ya damu. Dawa zilimpa mwaka mmoja wa kusimama darasani, kisha ugonjwa ukarudi, na daktari akatueleza waziwazi kwamba iliyobaki ni kupandikizwa uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, utolewe kwa mtu mwingine na kazi hiyo ifanyike Ubelgiji, na kampuni ikakubali kulipa safari. Lakini uboho hauchukuliwi kwa yeyote tu, tishu za mtoaji sharti zifanane na za mgonjwa, nasi huzirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja katika nne. Pierre akapimwa, Hortense akapimwa, hawakufanana naye. Watu wa kujitolea walioandikishwa Ulaya wakatazamwa, hakupatikana, kwa kuwa karibu wote ni Wazungu, na aina za tishu za watu wa kwetu, alisema daktari, ni nyingi na zinatofautiana zaidi kuliko za kwao. Anayefanana na Virginie, kama yuko, tungemtafuta huku, kwa kupeleka damu ya watu wengi wa koo mbalimbali. Kampuni ikatupa nafasi moja ya mirija ya damu katika ndege ya Ubelgiji, maana damu hiyo inapaswa kufika maabara ingali hai.

Hapo akaja shefu wa seksheni ya Chama tawala hapa mtaani, mwananchi Kunda, yule aliyeketi pale katika abakosi yake mpya, lile koti la Chama lisilo na tai, akasimama mbele ya kitanda na kusema: "Mama Kasonde, usiogope, Chama itakuletea damu ya taifa nzima." Tarehe 22 Oktoba 1988, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, wakubwa thelathini wa Chama waliojiita watu wa kujitolea walipanga mstari mbele ya ofisi yake, kila mmoja amepewa kitenge na makopo ya sadini, ngoma za animasyo, za kuimba sifa za Chama, zikalia, akina mama wakakata viuno, mpiga picha akapiga, na hao thelathini wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia, wakatoka wamebana pamba mkononi. Mirija thelathini ikapanda ndege. Virginie akanishika kidole: "Mujomba, bantu makumi tatu! Hata moja tu akinifanana, inanitosha."

Novemba majibu yakaja, daktari akatusomea akiwa ameinamisha kichwa: mirija yote ina tishu za aina moja, jambo lisilowezekana kwa watu thelathini wa koo mbalimbali, na maabara ikauliza kwa adabu kama tumewatumia damu ya mtu mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya pazia alikaa Casimir Chomba, mpagazi wa stesheni, mtani wa ukoo wetu, aliyepewa bia, na alipokuja kutueleza alianza kwa kucheka, kama watani wanavyoruhusiwa: "Bale bakubwa beko naogopa sindano, mujomba! Banasema bachawi batakula damu yabo. Miye nikasema, damu iko damu, kamateni mukono yangu." Tulipomweleza maana ya majibu, aliacha kucheka, akakaa chini mlangoni, hakuondoka hadi asubuhi.

Walichelea damu yao isije ikaliwa na wachawi, sadini wakaila wenyewe. Nimeona maiti zikitolewa mgodini, nimezisafisha, sikugeuza uso, lakini pamba ile kavu, iliyobanwa kwenye mkono usiochomwa, naigeuzia uso hadi leo. Sisemi kwamba kati yao alikuwamo aliyefanana na Virginie. Nasema hatutajua kamwe. Nafasi nyingine katika ndege ilipatikana Aprili 1989, wakatoa damu ndugu wa Sakania, wa Kilwa, wazazi wa wanafunzi wake, na Casimir tena, safari hii mrija mmoja, kwa jina lake mwenyewe, majibu hayajafika. Virginie alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 1989, akiwa na miaka thelathini na mmoja.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, walimu wenzake walioshika darasa lake, majirani walioteka maji na kupika bukari, ugali wetu, na wote waliochomwa kweli. Hao ndio watakaotangulia kutupa udongo. Wale thelathini, nawajua, mmekaa upande wa kivuli: kwa kuwa Casimir alitoa damu badala yenu, leo Casimir atatupa udongo badala yenu, konzi thelathini, nanyi mtabaki mmeketi, mikono magotini.

Pumzika kwa amani, mwalimu wangu. Ukurasa nimeusoma wote.