Kumi na Mmoja ni Karakana, si Kiwanda

Risala ya mafundi seremala kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, siku ya kufunguliwa Ofisi ya Kuratibu Mafundi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri; Mkurugenzi wa ofisi inayofunguliwa leo; majirani zetu wa mtaa huu; na nyinyi wateja wetu mliokuja kutupigia makofi ingawa vitanda vyenu bado havijaisha:

Karibu kwetu

Karibu, Mheshimiwa. Karibu tena! Utusamehe kwa vumbi. Tumefagia tangu alfajiri, tukamwagia maji, tukafagia tena, lakini vumbi la mbao halina adabu kwa mgeni. Hilo lililotua kwenye bega lako la kushoto limetoka kwenye mbao ya bei kubwa kuliko zote humu ndani, kwa hiyo tunaomba ulichukulie kama heshima.

Tuna furaha leo, na hatuwezi kuificha hata tukijaribu. Tangu tulipoambiwa kwamba utapita hapa kabla ya kwenda kukata utepe pale ng'ambo ya barabara, kazi haziendi. Fundi Patasi, mwenye mkono mtulivu kuliko wetu sote, amekosea vipimo mara mbili kwa siku moja. Mama Vanishi, mkubwa wetu kwa umri, amevaa viatu alivyonunua kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na vinambana, mnaona anavyosimama. Miaka yote hii tumekuwa tukituma malalamiko yetu na kujibiwa kwamba yamepokelewa. Leo mwenye kuyapokea amekuja kwa miguu yake, amekaa kwenye kiti tulichokitengeneza sisi, na wala hajaangalia saa!

Tukwambie mapema, usije ukakaa hapo unajiuliza hawa wanataka nini. Sisi ni mafundi kumi na mmoja. Mwisho wa mwezi huu mmoja wetu itabidi aondoke kwa sababu ya tozo mpya. Hatutaki aondoke. Mengine yote utakayoyasikia yanazunguka hapo hapo.

Tulikotoka

Karakana hii ilianzishwa na mtu tuliyemwita Timazi, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Alianza na msumeno mmoja na benchi la kuazima. Hakupewa mtaji na mtu, hakuhudhuria semina, wala hakuna aliyekuja kumratibu.

Kiti cha kwanza alichotengeneza ni kile pale ukutani. Kitazame vizuri, Mheshimiwa. Alikuwa anakata mguu wa nne huku anabishana na mteja, na kwa hasira akaukata mfupi. Mtu mwingine angekitia motoni. Timazi alikataa kukitupa, akakataa kukirekebisha, akakipa kazi. Tangu siku ile, yeyote anayetaka fedha kutoka kwenye sanduku letu la pamoja, iwe ya gundi, iwe ya msumeno, lazima akae juu ya kiti kile, ainue miguu yote miwili, ndipo aanze kujieleza. Ukiweka mguu chini, ombi lako limekufa.

Ni utaratibu wa ajabu, tunajua. Wageni huvunjika mbavu kwa kucheka. Lakini mwenye shida ya kweli huisema upesi, akashuka, akapewa. Mwenye makuu huanza kuzungumzia maendeleo na mustakabali, kiti kinacheza, na kabla hajafika mbali yuko chini kwenye maranda. Kwa utaratibu huo hatujawahi kukopa ili tulipane mishahara.

Tunayojivunia

Kwanza, tunalipa kodi. Tunalipa kwa wakati, na hatuna mlango wa nyuma. Barabara hii tunaihitaji. Taa ya pale kona tunaihitaji. Mteja mmoja alipochukua kabati na kutoweka, ni mahakama iliyotupatia haki yetu, na tuliondoka pale tukiisifu serikali kwa sauti mpaka karani akatuomba tunyamaze. Kwa kazi kama hizo tutalipa leo na kesho.

Pili, tunasaidiana. Shemeji, huyu mrefu mwenye kofia, tunayemwita hivyo sote kwa sababu ameoa dada wa wenzetu wawili, alivunjika mkono mwaka juzi. Akakaa nyumbani msimu mzima. Watoto wake hawakukosa shule, na kazi zake tulizimaliza sisi kwa jina lake. Na madawati ya shule ya mtaa yalipokuwa yanaanguka na watoto, tuliyatengeneza upya Jumamosi baada ya Jumamosi. Mwalimu mkuu alituuliza mradi huo unafadhiliwa na nani. Mama Vanishi akamjibu, "Na mgongo wangu, mwalimu. Shika huku." Tuliweza kwa sababu baada ya kulipa kila kitu, tulikuwa bado na kitu mfukoni.

Mwaka huu Jumamosi hizo hazipo. Tunazitumia kutafuta fedha ya tozo.

Yanayotukaba

Mheshimiwa, hapa tunaomba uvumilivu, maana ndipo tunapopandisha sauti.

Tozo ilipanda mwaka juzi, ikapanda mwaka jana, na mwaka huu imepanda tena. Kila mara inaitwa marekebisho. Sisi tukirekebisha meza, inakuwa nafuu kwa mwenye meza! Kila ikipanda, na sisi tunapandisha bei, kwa sababu na sisi mbao hatupewi kwa huruma. Kijana anayetaka kuoa anakuja, anauliza bei ya kitanda, anajikuna kichwa, anasema atarudi. Harudi. Tunasikia ameoa na wanalala kwenye godoro sakafuni.

Tungeweza kufunga mkanda kama tungeona na serikali inafunga wa kwake. Lakini tazama ng'ambo, Mheshimiwa, kwenye hilo jengo lenye utepe. Lina mkurugenzi, lina naibu wake, lina madereva wawili, na samani zote zimeagizwa kutoka nje. Jengo la kuratibu mafundi seremala linatazamana na karakana ya mafundi seremala, halafu viti vyake vimefika ndani ya maboksi! Walituita tuviunganishe. Tuliviunganisha, tena bure, kwa sababu ujirani ni ujirani. Meza ya Mkurugenzi ilikuwa pana kuliko mlango, ukuta ukabomolewa, meza ikaingia, ukuta ukajengwa tena. Mkurugenzi, hatukulaumu wewe, tuliona ulivyosimama pale umeshika kichwa. Humu ndani mtu akiagiza kitanda, kwanza tunaenda kwake kupima mlango. Tunaomba na bajeti ya taifa ianze hivyo.

Hatusemi haya kwa uhasama. Tunaamini kabisa kwamba fedha inakaa vizuri zaidi kwa aliyeitolea jasho, kwa sababu yeye ndiye anayeisikia ikiondoka. Tunaamini serikali ifanye mambo machache, iyafanye sawasawa, na itumie ilichonacho. Ikitaka kukopa, ikumbuke kwamba watakaolipa wengine bado wako darasani, kwenye madawati yale yale.

Sasa tufike kwenye lenyewe. Tozo mpya inasema karakana yenye watu zaidi ya kumi ni kiwanda, na italipa kama kiwanda. Tuhesabu, Mheshimiwa, tuko kumi na mmoja. Tulilala karakana, tukaamka kiwanda! Mashine ni ile ile moja, paa ni lile lile linalovuja upande wa Fundi Patasi. Tulipokwenda kuuliza, ofisa wa tozo alitusikiliza kwa upole, akatushauri, "Punguzeni mmoja tu, yataisha."

Mmoja tu. Wiki nzima tulikuwa tunatazamana. Halafu uongo ukaanza. Mama Vanishi akaja akisema amechoka, anataka kupumzika, na huku anasema hivyo amebeba ubao mgongoni. Fundi Patasi akadai amepata kazi kwa mwoka mikate. Tulimwuliza mwoka mikate, akasema hamjui mtu huyo. Shemeji naye akasema mkono umeanza kumuuma tena, ila hakukumbuka ni upi. Kila mmoja alitaka kuondoka ili mwenzake abaki, tukagombana kwa hilo kuliko tulivyowahi kugombana kwa fedha.

Naomba nitoke kwenye "sisi" kidogo, Mheshimiwa. Humu ndani wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, ndivyo Timazi alivyoweka. Wa mwisho kuingia ni mimi, huyu anayekusomea. Wananiita Dada Msasa kwa sababu nilianzia kwenye kusugua, na sasa viti vyote vinavyotoka mlango huu ni vya mkono wangu, pamoja na hicho ulichokalia. Nina mama na watoto wawili wanaonitegemea. Nywele zangu zinanuka vanishi hata siku ya sikukuu, na naipenda harufu hiyo. Niliwaambia wenzangu waache uongo, ni mimi. Nina huzuni, na hasira pia ninayo, siwezi kudanganya mbele ya watu wote hawa. Lakini leo furaha imezidi, kwa sababu uko hapa na unanisikiliza.

Narudi kwenye "sisi". Mama Vanishi, tafadhali futa machozi, bado hatujamaliza.

Maombi yetu

Juzi alikuja ofisa wa itifaki wako, mtu mwema sana, akatushauri. Alisema, "Mgeni hafiki mikono mitupu. Andikeni mashine mpya. Andikeni kubwa, msione haya."

Mheshimiwa, tungesema hatukutamani tungekuwa waongo. Shemeji aliruka palepale, akakalia kiti cha Timazi, akainua miguu. "Mashine ya bure!" akasema. "Jamani, ya bure!"

Mama Vanishi akamwuliza, "Ya bure kutoka kwa nani?"

"Kutoka serikalini."

"Na serikali inauza nini sokoni, hata ipate fedha ya mashine?"

Shemeji akafikiri. Kiti kikaanza kucheza. "Inatoza watu," akasema.

"Watu gani?"

"Fundi cherehani wa jirani. Mwoka mikate. Na..." akatutazama, "na sisi." Hapo akaenda chini, kofia upande wake, yeye upande wake. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, naye akacheka kuliko sote.

Kwa hiyo sikia maombi yetu. Hatuombi mashine. Hatuombi mkopo, hatuombi semina, hatuombi fulana zenye picha. Kama una bahasha mfukoni, rudi nayo salama, uirudishe ilikotoka. Tunajua wewe umezoea risala zinazoomba, na pengine hii ni ya kwanza kukuomba usitoe. Tunaomba upunguze tu! Rudisha tozo ilipokuwa, na utuache tuwe karakana mpaka siku tutakapokuwa kiwanda kweli. Siku hiyo tutakuja wenyewe kukwambia, kwa ngoma na vigelegele, na tutalipa.

Hilo ndilo ombi. Sasa zawadi. Shemeji, funua kile kitambaa.

Hapana, Mheshimiwa, hujaona vibaya. Ni kiti kipya, mbao ile ile iliyo begani kwako, kimepakwa vanishi mara tatu, na mguu mmoja ni mfupi. Tumekutengenezea ukipeleke kwenye chumba mnachokaa mkipanga tozo. Kila mwenye wazo la tozo mpya, au la matumizi mapya, akikalie, ainue miguu, awaeleze wenzake. Lenye maana litapita upesi. Lisilo na maana litaanguka lenyewe, bila mtu kugombana na mtu. Na kama leo una nafasi kabla ya kwenda kwenye utepe, tungefurahi ukianza wewe: kaa hapo, utueleze kwa nini kumi ni karakana na kumi na mmoja ni kiwanda. Ukimaliza hujaanguka, navua aproni yangu hapa hapa na kumkabidhi Mama Vanishi, bila neno. Ukianguka, tutakuinua sote, tutakupangusa, na tutarudi kazini na idadi yetu.

Nitoke tena kwenye "sisi", mara ya mwisho. Kiti hicho nimekitengeneza mimi. Miaka yote nimekuwa nikikata miguu minne iwe sawa, na kuukata huu makusudi mkono ulikataa, nikauweka msumeno chini mara mbili. Nikiondoka mwisho wa mwezi, hicho ndicho kitakuwa kiti changu cha mwisho hapa, na watu watakionyesha na kusema ni kazi ya Dada Msasa. Mheshimiwa, nakuomba niachie nitengeneze kingine.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe wasaidizi wanaokwambia ukweli, awajalie hekima wote mnaokaa kwenye chumba kile, na akufikishe nyumbani salama na kiti chako.

Ni sisi, mafundi wa Karakana ya Timazi,
wote kumi na mmoja.