Mkono wa Kushoto wa Fundi Miwani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, wifi yangu na wanangu, majirani na wenzake wa kazini, karatasi niliyopewa niisome mbele yenu inasema marehemu kaka yangu aliugua kwa muda mfupi, na mimi mdogo wake wa mwisho nimeyafuta maneno hayo kwa kalamu, kwa sababu ni uongo, tena uongo alioutunga mwenyewe, na nina hasira naye, mtanisamehe.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, na huko ndiko alikoanzia kiinimacho, kwa kuipoteza chaki ya mwalimu wa hesabu na kuitoa sikioni mwa mwalimu huyohuyo, akachapwa, kesho yake akarudia. Alimaliza sekondari 1989, akasomea ufundi wa miwani, na tangu tarehe 3 Februari 1992 alikata na kusaga vioo katika duka linalotazamana na posta, miaka thelathini na moja bila kuhama kiti, hata nusu yenu hapa mnanitazama kupitia vioo alivyovikata yeye, na bado hakuna aliyeona kitu.

Alifunga ndoa na wifi yangu tarehe 16 Desemba 2000, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2002 na 2006, nao walikua wakiamini kwamba mayai hutoka kwenye viwiko vya baba.

Hayo mnayajua. Sasa nisikilizeni.

Chama cha wacheza kiinimacho, ambacho wajumbe wake wamekaa pale mstari wa tatu, humpa mtu anayetaka uanachama nafasi tatu tu za kusailiwa maishani, na kaka alishashindwa mbili, 2011 na 2017, zote kwa kosa lilelile, kwamba mkono wake wa kushoto unajipeleka chini ya meza kabla ya wakati na kumwaga siri. Ya tatu, ya mwisho, ilipangwa tarehe 10 Juni 2023, dakika nane, vikombe vitatu, vitufe vitatu, na mwishoni limau chini ya kila kikombe. Tangu Januari, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, alinikalisha kwenye kigoda jikoni kwake, na kazi yangu ilikuwa moja, nikiuona ule mkono niseme “nimeona”, naye aanze upya.

Mwezi Machi mkono ukarudia tabia yake, ukawa unashuka hadi ubavu wa kulia kila mara, nami nikampigia kelele, nimeona, nimeona, acha kujishikashika, utafeli tena mtu mzima wewe, naye akacheka, akasema macho yangu ni makali, akaanza upya. Kufikia Mei ulikuwa haushuki tena. Nilimpigia makofi.

Jamani, alikuwa anajishika panapouma. Tarehe 20 Februari daktari alishamwambia ana uvimbe kwenye ini, apasuliwe kabla ya mwezi wa tatu kwisha, yeye akaomba asogezewe tarehe mpaka usaili upite, akarudi nyumbani akasema amepima presha na iko kama ya kijana, akatupaka sote mafuta kwa mgongo wa chupa, mke, mabinti na mimi. Barua ya hospitali tumeikuta ndani ya sanduku la vikombe. Na mimi ndiye niliyemfundisha kuficha, Jumapili baada ya Jumapili, kwa sauti kubwa, nikidhani namsaidia.

Alisailiwa, akapita. Waamuzi watano waliandika kwamba mkono wa kushoto haukuonekana hata mara moja. Aliporudi alikaa sebuleni akashindwa kuinuka, tukamkimbiza hospitali, wakampasua wakakuta umeshaenea, na tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi, alifariki, kadi ya uanachama ikiwa mfukoni mwa shati. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba aliondoka amefurahi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomwambia ukweli hata alipoukataa, majirani mlioleta viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa dukani mliofunga kazi siku tatu. Chama nacho nakishukuru, kwa kuwa adabu inanibana, ila mgombea wenu ajaye mwulizeni hali yake kwanza, mikono baadaye.

Nawe kaka, kazi uliyonipa sikuimaliza, naimaliza leo mbele za watu. Nimeona. Sasa pumzisha mikono.